Chuma kinapopungua mwilini: udongo, chai na damu ya mjamzito

Katika miaka ya 1990, watafiti waliwahoji akina mama wajawazito 275 waliofika kliniki katika hospitali ya Kilifi. Zaidi ya nusu yao, asilimia 56, walisema wanakula udongo mara kwa mara. Wengi waliubandua kwenye kuta za nyumba. Walipopimwa damu, ilibainika kwamba waliokula udongo ndio waliokuwa na akiba ndogo zaidi ya madini ya chuma mwilini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1998. Watoto waliozaliwa na akina mama wale sasa ni watu wazima, baadhi yao wakiwa wazazi, lakini vipande vya odowa bado vinauzwa kwa mafungu sokoni, kando ya nyanya na vitunguu.

Hamu hiyo ya udongo mara nyingi huchukuliwa kama kichekesho cha ujauzito, sawa na kutaka embe bichi usiku wa manane. Wapo wanaosema ni mtoto anayeitisha. Kitabibu ni dalili ya kutiliwa maanani. Huwapata pia watu wasio na mimba, na wengine hutamani barafu, makaa, mchele mbichi au chaki. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu kinachotangulia: kama upungufu wa chuma ndio unaoleta hamu, au udongo wenyewe unakamata chuma kilicho tumboni na kukizuia kisiingie mwilini. Huenda yote mawili hutokea kwa mtu mmoja. Mtu anayetamani udongo kila siku anafaa kupimwa damu, si kuchekwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chuma huanza kuisha mwilini mapema sana, wakati kipimo cha damu bado kinasoma vizuri. Damu ikionekana imepungua, mwili umekuwa ukikopa kwa muda mrefu.

Chuma kinafanya kazi gani

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, uzito ambao haufiki ule wa msumari wa kawaida wa bati. Takribani theluthi mbili za chuma hicho zimo ndani ya hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Hemoglobini hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali, na chuma ndicho kinachoishika oksijeni hiyo. Kingine kimo ndani ya misuli, ambako huhifadhi oksijeni ya kutumiwa mtu anapobeba mtungi au kupanda mlima. Kidogo kimo katika kila chembe ya mwili, pale chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu. Kinachobaki ni akiba, iliyowekwa kwenye ini, bandama na uboho ndani ya protini iitwayo feritini.

Mwili ni bahili wa chuma. Chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120, na ikifa chuma chake hakitupwi. Hutolewa, husafishwa na kuwekwa katika chembe mpya. Kila siku kiasi cha miligramu 20 hadi 25 huzunguka hivyo. Kinachopotea ni miligramu 1 hadi 2 tu, kupitia ngozi na utumbo, na kiasi hicho hicho ndicho kinachohitajika kuingia kutoka kwenye chakula. Kwa mwanamume mwenye afya hesabu hii husimama bila shida.

Kwa mwanamke haisimami. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Mwanamke anayepoteza mililita 40 za damu wakati wa hedhi anapoteza miligramu 20 za chuma kila mwezi, na hiyo ni hedhi ya kawaida. Anayepoteza zaidi ya mililita 80, ambaye hulazimika kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, anatumia akiba yake haraka kuliko chakula kinavyoweza kuijaza. Wengi wa wanawake hawa hawajawahi kumwambia daktari, kwa sababu mama zao na dada zao walikuwa vivyo hivyo.

Kisha huja mimba. Ujauzito mmoja hutaka karibu miligramu 1,000 za chuma. Takribani 300 huenda kwa mtoto na kondo. Karibu 500 hutumika kutengeneza damu ya ziada ya mama mwenyewe, kwa maana damu yake huongezeka ili iwatoshe wawili. Zilizobaki hufidia kile anachopoteza kila siku kama binadamu mwingine yeyote. Wanawake wengi huanza mimba wakiwa na akiba isiyofika hata miligramu 300, na aliyezaa mwaka jana huenda hana kabisa.

Namna mwili unavyokopa

Upungufu huja kwa hatua. Kwanza akiba ya feritini hushuka. Mtu hasikii kitu, na hemoglobini yake ikipimwa ni ya kawaida. Baadaye akiba huisha na chuma kinachosafiri kwenye damu hupungua. Hapo mwili hulazimika kuchagua, na kinachopewa kipaumbele ni utengenezaji wa damu. Misuli, ubongo, ngozi na nywele hungoja.

Ndiyo maana dalili nyingi za awali hazifanani na ugonjwa wa damu. Mtu huchoka asubuhi kabla ya kufanya kazi yoyote. Hukasirika upesi. Anasoma ukurasa mmoja mara tatu. Nywele hukatika zaidi kuliko kawaida, kucha huwa nyepesi na wakati mwingine hubonyea katikati kama kijiko. Pembe za mdomo hupasuka, ulimi huwa laini na kuuma. Usiku miguu haitulii. Mtu huisogeza kila dakika na usingizi haumkamati. Wengine huhisi baridi mikononi hata katika joto la Machi, wakati kila mtu mwingine anatafuta kivuli.

Hatua ya mwisho ni pale damu yenyewe inapopungua. Kwa vipimo vinavyotumika, mwanamke asiye na mimba anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini yake ikiwa chini ya gramu 12 kwa kila desilita, mwanamume chini ya 13, na mjamzito chini ya 11, ingawa katikati ya ujauzito Shirika la Afya Duniani sasa huruhusu hadi 10.5 kwa kuwa damu ya mama huwa imeongezeka maji. Chini ya 7 ni hali ya hatari kwa mjamzito. Moyo hufidia upungufu kwa kupiga haraka zaidi. Mtu husikia mapigo masikioni, hupungukiwa na pumzi akipanda ngazi, na miguu huweza kuvimba. Moyo ukifanya kazi hivyo miezi mingi, wenyewe huchoka.

Kutazama weupe wa viganja na ndani ya kope husaidia kumtambua aliyezidiwa, lakini wengi wenye upungufu mdogo au wa wastani hupita bila kuonekana. Tone la damu kutoka kidoleni huonyesha zaidi, na mjamzito ana haki ya kujua nambari aliyopata. Huandikwa kwenye kitabu cha mama na mtoto. Inafaa aiulize, aikariri na ailinganishe na ya ziara iliyopita.

Siku ya kujifungua

Katika kundi lile la akina mama 275 wa Kilifi, karibu robo tatu walikuwa na upungufu wa damu, na karibu mmoja kati ya kumi alikuwa chini ya gramu 7. Nambari hizo si za kitabuni tu. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama nchini Kenya, na mama hufika kwenye uzazi na damu aliyo nayo, si ile angetamani kuwa nayo.

Mama mwenye hemoglobini 12 anaweza kupoteza nusu lita ya damu, akapewa maji na dawa, na baada ya siku mbili akawa amekaa kitandani akinyonyesha. Mwenye hemoglobini 6 akipoteza nusu lita hiyo hiyo anaweza kuzimia na kuhitaji damu ya kuongezwa mara moja. Kama yuko kwenye zahanati ndani ya Ganze au Magarini, damu hiyo iko mbali, na safari ya ambulensi ndiyo inayoamua. Chembe za damu ambazo angezihitaji siku hiyo zilipaswa kutengenezwa miezi mitatu au minne kabla.

Mtoto naye huathirika. Upungufu mkubwa wa damu kwa mama huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na akiba ya chuma inayomtosha takribani miezi sita, ikiwa mama alikuwa nacho cha kumpa. Mkunga akisubiri angalau dakika moja kabla ya kubana kitovu, damu iliyobaki kwenye kondo humwingia mtoto na akiba yake huongezeka. Ni jambo lisilogharimu hata shilingi.

Baada ya miezi sita maziwa ya mama, ambayo yana chuma kidogo, hayatoshi peke yake. Na huu ndio wakati ubongo wa mtoto unapokua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Chuma kinahitajika kutengeneza utando unaozunguka mishipa ya fahamu na kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya chembe za ubongo. Mtoto aliyepungukiwa katika umri huo huwa mtulivu kupita kiasi, hachezi sana, hachunguzi vitu. Mama husifiwa kwamba ana mtoto asiyesumbua. Tafiti zilizowafuata watoto wa aina hii hadi shuleni zimeona wengine wakibaki nyuma katika umakini na masomo hata baada ya damu yao kurekebishwa. Uji mweupe wa mahindi pekee, na chai ya maziwa kwenye kikombe cha mtoto wa mwaka mmoja, haviwezi kujaza pengo hilo.

Chakula kipo, tatizo ni mlango

Mjamzito anahitaji takribani miligramu 27 za chuma kwa siku katika chakula. Kilifi haina uhaba wa vyakula vyenye chuma: mbaazi, kunde, pojo, maharagwe, mchicha, majani ya kunde, kisamvu, wimbi, samaki, dagaa, nyama, ini. Lakini chuma kilicho kwenye sahani si chuma kilicho kwenye damu. Cha nyama, samaki na kuku huingia kwa urahisi. Mwili unaweza kufyonza robo yake hivi. Cha nafaka, kunde na mboga za majani huingia kwa shida, mara nyingi chini ya sehemu moja kwa kumi, na kiasi hicho hutegemea kilicholiwa pamoja nacho.

Chukua kiamshakinywa cha Pwani kisichohitaji kutambulishwa: mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa. Mbaazi zina chuma. Mahamri, yakiwa yamepikwa kwa unga wa ngano wa pakiti, yana chuma pia, kwa sababu tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji kuongeza chuma na virutubishi vingine katika unga wa ngano na wa mahindi unaopakiwa. Kisha inakuja chai. Majani ya chai yana tanini, na tanini hushikana na chuma cha mimea tumboni kikapita moja kwa moja hadi chooni. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma kinachoingia kwa zaidi ya nusu. Maziwa hayaondoi athari hiyo. Kahawa chungu nayo ina tabia hiyo.

Hakuna anayewaambia watu wa Pwani waache chai. Agizo la namna hiyo lingepuuzwa, na kwa haki. Kinachotakiwa ni kuisogeza. Chai ikinywewa saa moja au mbili baada ya chakula, au saa moja kabla, madhara yake kwa chuma hupungua sana. Mahali pake mezani pachukuliwe na kitu chenye vitamini C, ambayo hufanya kinyume kabisa cha tanini: hukigeuza chuma cha mimea kiwe katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea. Chungwa, embe, papai, pera, juisi ya ubuyu, au ndimu iliyokamuliwa juu ya mbaazi zenyewe. Ndimu ikamuliwe chakula kikiwa kimeshaepuliwa, kwa sababu moto huharibu vitamini hiyo. Kipande kidogo cha samaki au dagaa kwenye mboga pia husaidia chuma cha mboga kuingia, mbali na kile cha samaki mwenyewe.

Kunde na maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, au uji wa wimbi ukichachushwa kabla ya kupikwa, vizuizi vingine vya chuma hupungua. Nyanya zetu walichachusha uji kwa sababu ya ladha. Walikuwa wakifanya na hili bila kulitaja.

Kwa upande wa unga, familia nyingi za Kaloleni, Ganze na Magarini husagisha mahindi yao mtaani. Unga huo ni mzuri, lakini kwa kawaida haujaongezwa chuma. Anayeutegemea kwa sima ya kila siku anahitaji kunde, mboga na samaki zaidi kuliko anayenunua unga wa pakiti.

Kuhusu juisi ya bitiruti na soda nyekundu, ambazo wengi huamini huongeza damu: bitiruti ni chakula kizuri lakini ina chuma kidogo, na soda haina cha maana. Rangi nyekundu haihamii kwenye damu.

Wanyonyaji wawili

Wazee walikuwa na neno lao, safura, kwa ugonjwa wa kupungukiwa na damu unaoletwa na minyoo. Walikuwa sahihi. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu, hufika utumboni na kujishika kwenye kuta zake. Aina yenye ulafi mdogo hunyonya takribani mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo mno, hadi mtu anapokuwa na minyoo 100. Hiyo ni mililita 3 kila siku, yaani miligramu 1.5 za chuma, sawa na chote ambacho mwili hupokea kutoka kwenye chakula. Ndiyo sababu dawa ya minyoo hutolewa shuleni, na ndiyo sababu choo na viatu ni sehemu ya tiba ya damu. Mjamzito naye hupewa dawa ya minyoo kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Anayekula udongo hujiongezea minyoo mingine, ile ya mviringo na ya mjeledi, ambayo mayai yake hukaa ardhini.

Mnyonyaji wa pili ni malaria. Vimelea vyake huvunja chembe za damu, lakini hufanya na jambo la siri zaidi. Mwili unapopambana na maradhi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa chuma utumboni. Ni ulinzi, kwa sababu vijidudu vingi hustawi wakipata chuma. Mtoto anayepata malaria kila mara anaweza kula vizuri na bado chuma kisimwingie.

Uhusiano huu una upande wa pili ambao kila mzazi anafaa kuujua. Kisiwani Pemba, watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na foliki asidi kila siku. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka wa 2003 kwa sababu watoto waliopewa chuma walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2006. Tangu wakati huo, mashauri ya kitabibu ni kwamba katika maeneo ya malaria mtoto apewe dawa ya chuma pamoja na kinga na tiba ya malaria. Sharubati ya kuongeza damu isinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Mtoto mweupe wa viganja apelekwe kituoni apimwe malaria na damu kwanza.

Je, wajawazito nao wako hatarini wakimeza chuma? Swali hilo lilipelekwa karibu na Kisumu, ambako malaria ni nyingi. Wanawake 470 waligawanywa, nusu wakapewa miligramu 60 za chuma kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka wa 2015: hakukuonekana ongezeko la malaria kwa waliopewa chuma, na watoto wao walizaliwa wakiwa na uzito wa gramu 150 zaidi kwa wastani.

Kidonge kinachobaki kwenye mkoba

Vidonge vinavyotolewa kliniki vina miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za foliki asidi. Humezwa kimoja kila siku tangu ziara ya kwanza hadi kujifungua. Wengi huchukuliwa, wachache humezwa. Sababu zinazotajwa ni zile zile: kichefuchefu, kufunga choo, kinyesi cheusi, na hofu kwamba mtoto atakuwa mkubwa mno na mama apasuliwe.

Kinyesi cheusi ni chuma kisichofyonzwa na hakina madhara. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku kabla ya kulala, au pamoja na chakula kidogo, hata kama sehemu ndogo ya chuma itapotea kwa kufanya hivyo. Choo hulainika kwa maji ya kutosha, matunda na mboga. Kuhusu mtoto mkubwa, gramu 150 za Kisumu zinajibu vizuri: ni uzito wa chungwa moja dogo, na kwa mtoto ambaye angezaliwa mdogo kupita kiasi ni faida. Chuma hakimfanyi mtoto kuwa jitu. Mtoto mkubwa kupita kiasi mara nyingi husababishwa na mambo mengine, kikiwemo kisukari cha mama.

Kidonge kimezwe kwa maji au juisi ya tunda, si kwa chai wala maziwa. Kama mama amepewa pia vidonge vya kalsiamu, avimeze saa nyingine. Katika ukanda wa Pwani mjamzito hupewa pia dawa ya SP ya kuzuia malaria, na hapa kuna tahadhari ambayo wauzaji wengi wa dawa huisahau: foliki asidi ya miligramu 5, inayouzwa kwenye famasia, hudhoofisha SP. Kile kiasi kidogo kilicho ndani ya kidonge cha kliniki hakina tatizo hilo. Aliyeshauriwa na rafiki ajinunulie foliki asidi ya ziada amwonyeshe muuguzi kwanza.

Hemoglobini huanza kupanda ndani ya wiki mbili hadi nne. Mama hujisikia vizuri, na hapo ndipo wengi huacha. Lakini damu hujazwa kwanza na akiba baadaye. Baada ya kipimo kurudi sawa, huchukua miezi mitatu hivi zaidi ya kumeza ili feritini ijae. Ikiwa mama amemeza bila kukosa kwa mwezi na damu haijapanda, basi kuna kitu kingine, na inafaa arudi badala ya kuongeza vidonge.

Kitu hicho kinaweza kuwa selimundu, ambayo si ngeni katika ukanda wa Pwani. Mgonjwa wa selimundu hupungukiwa na damu kwa sababu chembe zake huvunjika mapema, na chuma cha chembe hizo hubaki mwilini. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza hata kuwa na chuma cha kupita kiasi, kinachodhuru ini na moyo. Huyu asipewe vidonge vya chuma bila vipimo.

Na kwa mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, upungufu wa chuma una maana tofauti. Hawana hedhi wala mimba ya kuulaumu. Damu inatoka mahali fulani: vidonda vya tumbo, hasa kwa wanaomeza dawa za maumivu kila siku, minyoo, kichocho, bawasiri au uvimbe kwenye utumbo. Kumpa vidonge na kumruhusu aende nyumbani ni kufunika shimo kwa mkeka. Atafutiwe chanzo.

Vidonge vihifadhiwe juu, mbali na watoto. Kwa mtoto mdogo, vidonge vichache vya chuma alivyodhani ni peremende vinaweza kuua, na aliyemeza akimbizwe hospitalini hata kama anaonekana mzima. Mama aliyejifungua asivitupe vilivyobaki: katika maeneo yenye upungufu mwingi wa damu, Shirika la Afya Duniani linapendekeza aendelee kumeza kwa wiki 6 hadi 12 baada ya uzazi. Ziara za chanjo za mtoto, ya wiki 6, 10 na 14, ni nafasi ya mama kuomba naye apimwe damu.